Sato, sangara, kambale na wenzao: yupi mtamu, na kwa mapishi gani

Mtu akikwambia samaki wa maji baridi, yaani wa ziwani, mtoni au bwawani, hana ladha, au ananuka tope, muulize kwanza alikula samaki gani na alipikwa vipi. Mara nyingi jibu lake litakuonyesha kosa lilipo. Sato kaachwa kwenye mafuta dakika ishirini mpaka mnofu umekuwa kama pamba. Kambale mnene kachemshwa na ngozi yake na mafuta yake yote, harufu ya bwawa ikapanda na mvuke. Sangara wa kilo arobaini kakatwa vipande vya tumboni vikakaangwa, mlaji akalalamika kwamba anakula mafuta matupu. Wote watatu ni samaki wazuri. Kinachowatofautisha zaidi ni mafuta: kila mmoja anayo kiasi gani, na yamekaa sehemu gani ya mwili. Hapa chini tunawapima kwa kipimo hicho, kwa alama kati ya 10, na pale ambapo tatizo la samaki ni miiba badala ya mafuta, tutasema.

Tuanze na ladha yenyewe. Samaki wa baharini anaishi kwenye maji yenye chumvi kuliko damu yake, kwa hiyo mwili wake hulimbikiza ndani ya mnofu viambata vinavyozuia maji yasimtoke. Baadhi ya viambata hivyo ni amino asidi zenye utamu, na ndiyo maana samaki wa baharini huwa na ladha nzito hata akichemshwa kwa maji matupu. Samaki wa ziwani au mtoni hana haja ya akiba hiyo, hivyo mnofu wake ni mpole. Upole huo una faida yake: wengi wao wana kiasi kidogo cha kile kiambata ambacho kikivunjwa na bakteria hutoa shombo kali la samaki wa baharini aliyelala. Hasara yake ni kwamba chumvi ya kunyunyiza mezani haimsaidii. Inabidi iingie kabla ya moto.

Kipimo kinachofanya kazi ni gramu 15 za chumvi kwa kila kilo ya samaki aliyekwisha kusafishwa. Ipake ndani ya tumbo na kwenye chale, mwache dakika 20 hadi 30, kisha mfute maji yote kwa kitambaa safi. Kwa minofu isiyo na ngozi, tumia maji ya chumvi: gramu 60 kwa lita moja, dakika 20 kwa kipande chenye unene wa sentimita 2. Ukipitiliza saa moja, mnofu unaanza kukaza na kuwa kama nyama ya kopo, na hakuna mchuzi utakaourudisha.

Sasa hiyo harufu ya tope. Hailetwi na tope lenyewe, wala haina maana kwamba samaki ni mchafu. Inatokana hasa na kemikali mbili, geosmini na metilaisoborneoli, zinazotengenezwa na baadhi ya mwani wa kijani-buluu na bakteria wa udongoni. Geosmini ndiyo ile ile inayotoa harufu ya ardhi baada ya mvua ya kwanza, na pua ya binadamu inaitambua hata kwenye maji yenye sehemu chache tu katika trilioni. Samaki huivuta kwa mashavu yake wakati wa kupumua, halafu inakwenda kujihifadhi kwenye mafuta. Hapo ndipo somo lilipo. Samaki asiye na mafuta mengi akihamishiwa maji safi anasafika kwa siku chache, mwenye mafuta anachukua muda mrefu zaidi, hata wiki mbili. Katika siku hizo halishwi, na maji lazima yawe yanabadilishwa au yanapita. Mfugaji anayevua bwawani asubuhi na kuuza mchana anamuuzia mlaji geosmini yote.

Samaki akishakufa, zinabaki njia mbili. Ya kwanza ni kisu: ondoa ngozi, ondoa ule mstari wa nyama nyeusi-nyekundu unaopita katikati ya ubavu, na punguza mafuta ya tumboni, maana kemikali hizo zimekaa humo. Ya pili ni tindikali, kwa sababu geosmini huvunjika ikikutana nayo. Vijiko vitatu vikubwa vya maji ya ndimu au siki kwa kilo moja ya vipande, dakika 15 hadi 20, kisha suuza. Usizidishe, maana tindikali huivisha mnofu kwa nje ukawa mweupe na wa kukatikakatika. Wala usitegemee ndimu kwa kipande kinene cha sentimita tano; haifiki ndani. Viungo vikali havivunji chochote, vinafunika tu, na harufu hurudi kwenye chakula cha kiporo.

Sato

Sato, au perege kama wengine wanavyomwita, ndiye samaki wa maji baridi anayefugwa na kuliwa sehemu nyingi duniani, na sifa hiyo anaistahili. Ana takriban gramu 20 za protini kwa gramu 100 za mnofu mbichi, na mafuta hayafiki gramu 2. Mnofu mweupe, nyuzi za wastani, miiba mikubwa inayoonekana kwa macho. Akiwa mzima tunampa 8. Akiwa minofu iliyogandishwa, 6, na sababu tutaifikia.

Ukubwa wa kutafuta ni gramu 400 hadi 700. Chini ya gramu 250 miiba inakuwa mingi kuliko nyama, na dawa yake ni kumkaanga mpaka akauke kabisa, mbavu zitafunike. Akizidi kilo moja bado ni mtamu, ila mgongo wake ni mnene, na joto linapofika kwenye mfupa, nyama ya ubavuni imekwisha kukauka. Huyo mkate vipande au mpasue mgongo.

Kumsafisha kuna mpangilio wake. Kata kwanza mapezi ya mgongoni kwa mkasi, kwani miiba yake inachoma na kidonda chake hupenda kuvimba. Para magamba kuanzia mkiani kuelekea kichwani, samaki akiwa ndani ya beseni la maji ili magamba yasiruke. Pasua tumbo kuanzia chini mpaka kidevuni na utoe utumbo bila kuupasua. Ndani utaona utando mweusi umefunika kuta za tumbo. Wengi wanauacha, na hilo ni kosa, maana una uchungu na harufu ya tope. Ukwangue kwa kijiko au mgongo wa kisu mpaka nyama nyeupe ionekane. Halafu pasua ule mfereji wa damu iliyoganda chini ya uti wa mgongo, usugue kwa kidole gumba na uusuuze. Mashavu ya kupumulia yatoke yote. Sato aliyefanyiwa hivi na yule aliyetolewa utumbo tu, ukiwaweka kwenye sahani moja, utadhani wametoka maji tofauti.

Kwa kukaanga, mkate chale tatu kila upande, zifike kwenye mfupa pale alipo mnene na ziwe za juujuu karibu na mkia. Mkaushe sawasawa. Mafuta yawe nyuzi joto 175 hadi 180; kama huna kipimajoto, chovya ncha ya kijiti cha mti, kikitoa mapovu madogomadogo mfululizo ni tayari. Samaki wa gramu 500 anataka dakika 5 hadi 6 kila upande, na ageuzwe mara moja tu. Ngozi ikishika kwenye kikaango, ama samaki alikuwa na maji, ama mafuta hayajapata moto, ama umemgeuza kabla ngozi haijakauka. Ikianza kuachia yenyewe ukimsukuma kidogo, ndipo ugeuze. Ukimwona ameiva nyuma ya kichwa, yaani mnofu unaachana na mfupa na hauna tena rangi ya kioo, mtoe. Hana mafuta ya kumlinda. Kila dakika ya ziada inatoa maji yake.

Kwenye mchuzi, sato aingie mwisho. Mchuzi uive kabisa kwanza, ndipo umlaze, moto upunguzwe usitokote kwa fujo, dakika 10 hadi 12 kwa samaki mzima wa nusu kilo. Usikoroge. Tikisa sufuria.

Kuhusu minofu iliyogandishwa: samaki mzima hutoa takriban theluthi moja tu ya uzito wake kama mnofu, na minofu hiyo mara nyingi hutiwa maji yenye fosfeti ili isikauke. Ndiyo maana ikiwekwa kwenye kikaango inatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Iyeyushe kwenye friji usiku kucha juu ya wavu, ikamulie kwenye kitambaa, kisha ndipo uipike. Tazama pia ule mstari wa ubavuni. Kwa mnofu uliokaa muda kwenye friza, unapaswa kuwa umeelekea rangi ya kahawia. Ukiuona mwekundu wa kung'aa kabisa, huenda mnofu umetiwa gesi ya kaboni monoksidi ili kuhifadhi rangi, na rangi hiyo haikuelezi lolote kuhusu upya wake.

Hapa inafaa kumtaja ngege wa asili wa Ziwa Viktoria. Jina lake la kisayansi ni Oreochromis esculentus, na neno hilo la pili kwa Kilatini maana yake ni anayefaa kuliwa. Waliompa jina walijua walichokionja. Leo ni adimu katika ziwa lake mwenyewe, na sato wa Nile ndiye aliyechukua nafasi yake.

Sangara

Sangara (Lates niloticus) aliingizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960. Anaweza kufikia urefu wa mita mbili na uzito wa kilo 200. Hapo ndipo kosa la wanunuzi linapoanza, kwa kuwa wanadhani mkubwa ndiye bora. Sangara bora wa kula ni wa kilo 2 hadi 6. Mnofu wake ni mweupe, unakatika mapande makubwa yenye unyevu, na karibu hauna miiba midogo, jambo linalomfaa mtoto na mzee. Kipande cha mgongoni cha samaki wa ukubwa huo tunakipa 9, na hakuna samaki mwingine kwenye tathmini hii anayepata hiyo kwa mapishi ya haraka.

Lakini samaki huyu si kitu kimoja kutoka kichwani mpaka mkiani. Mgongo una mafuta kiasi, mkia ni mkavu na mgumu kidogo, na tumbo, hasa la samaki mkubwa, limejaa mafuta laini ya manjano hafifu. Ukinunua kilo moja ya vipande mchanganyiko na kuvikaanga pamoja, vya mkia vitakauka wakati vya tumbo bado vinatiririka. Vitenganishe. Mgongo ukatwe unene wa sentimita 3, kikaango chenye mafuta kidogo, dakika 4 kila upande. Mkia uende kwenye mchuzi. Tumbo lisikaangwe kabisa, kwani mafuta juu ya mafuta yanakinaisha. Libanikwe juu ya makaa ili mafuta yadondoke, au likaushwe kwa moshi. Likibanikwa vizuri, na ngozi ikishikwa na moto mpaka ikakauka, tunalipa 7.

Kichwa kisitupwe. Kina nyama tamu ya mashavuni, na gegedu lake hutoa supu nzito inayoganda ikipoa. Kipasue katikati, toa mashavu ya kupumulia na damu yote, kichemshe dakika mbili, mwaga maji hayo, kisha anza upya kwa maji baridi na moto mdogo, dakika 40. Bondo, yaani kile kibofu chake cha hewa, ni kolajeni karibu tupu: halina ladha yake yenyewe, ila linaupa mchuzi uzito.

Sangara wa kilo thelathini na zaidi tunampa 6. Nyuzi zake zimekomaa na kuwa nene, mafuta ni mengi, na kuna suala la afya pia. Samaki mlanyama aliyeishi miaka mingi hukusanya zebaki kwenye mnofu kuliko mdogo wa aina hiyo hiyo, na zebaki haitoki kwa kupika wala kwa kuondoa mafuta, kwa kuwa imeshikamana na protini. Mjamzito na mtoto mdogo waachiwe wale wadogo.

Na usimwanike juani. Ngege na sato wamekaushwa kwa jua vizazi na vizazi kwa sababu hawana mafuta. Sangara akianikwa, mafuta yanachacha kabla maji hayajaisha, akabaki wa manjano na kuwasha koo. Wake ni moshi.

Kambale

Huyu ndiye samaki anayeonewa kuliko wote. Hana magamba, ana ute, ana sharubu, anaishi kwenye maji yaliyotulia, na kwa hayo tu watu wengi hawamgusi. Ukweli ni kwamba kwa mlaji anayechukia miiba, kambale ni nafuu kubwa: ana uti wa mgongo na mbavu, basi. Mnofu wake una wekundu kidogo, ni imara, hauvunjiki kwenye mchuzi, na mafuta yake ni mengi kuliko ya sato. Kwa moshi tunampa 9. Kwenye mchuzi wenye tindikali, kama wa nyanya au ukwaju, 7. Akichemshwa na ngozi bila maandalizi, 4, na hapo kosa ni la mpishi.

Kwa kuwa ana kiungo cha kupumulia hewa, anaweza kukaa nje ya maji kwa saa nyingi mradi ngozi yake iwe na unyevu. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumnunua akiwa amekufa bila barafu. Chagua wa gramu 700 hadi kilo 1.5. Chunga yale mapezi mawili ya kando ya kichwa. Yana mwiba mgumu wenye meno, unaokaa wima akishtuka.

Ute unatoka kwa maji ya moto ya nyuzi joto kama 80, sekunde 15 hadi 20 tu, ndipo unageuka mweupe na kukwangulika kwa mgongo wa kisu. Maji yakiwa yanachemka, au ukimwacha dakika nzima, ngozi inapasuka na kuivia mwilini. Asiyependa maji ya moto atumie chumvi ya mawe, kiganja kizima, amsugue mara mbili huku akimsuuza. Ukimpasua, tafuta kibofu cha nyongo kwenye ini na ukitoe kizima. Ikipasuka, osha papo hapo na ukate sehemu iliyoguswa, kwa maana uchungu wake hautoki kwa kupika. Kisha fungua juu ya mashavu: utaona viungo viwili vyekundu vyenye matawi kama mti mdogo. Hivyo ndivyo anavyopumulia hewa. Vinashika uchafu, vitoe vyote.

Moshi una hatua ambazo ukiruka moja, nyingine hazifai. Mpasue kwa mgongoni abaki ameunganika tumboni, au mkate vipande vya sentimita 4 hadi 5. Mloweke kwenye maji ya chumvi ya gramu 80 kwa lita, saa moja. Mtungike au mlaze juu ya wavu penye upepo na kivuli, saa moja hadi mbili, mpaka uso wake ukauke na ukigusa unanata kidogo. Wengi huiruka hatua hii, na wakiiruka moshi unakutana na maji, masizi yanaganda, samaki anatoka mweusi na mchungu. Anza na moto mdogo nusu saa, kisha pandisha mpaka ndani ya tanuri kuwe na nyuzi joto 80 hadi 90, saa tatu hadi nne. Kuni ziwe za mti mgumu, zikavu, zisizo na utomvu. Moto uwe pembeni, au weka bati kati ya moto na samaki, ili mafuta yasidondokee makaa; moshi wa mafuta yanayoungua ndio unaobeba kemikali zenye madhara, na pia ndio unaoharibu ladha.

Akiiva, mwache apoe kabisa kabla ya kumfunga. Akifungwa na joto, mvuke unageuka maji na ukungu unaota ndani ya siku mbili. Aliyekaushwa nusu, mwenye ulaini wa kula mara moja, ni wa friji na wa siku chache. Aliyekaushwa mpaka anagongeka kama ubao anakaa muda mrefu, ila mafuta bado yamo, kwa hiyo akae penye giza na ubaridi.

Jamaa mwingine mwenye sharubu, gogogo, ana nyama tamu lakini kidogo, na miiba mitatu inayojifunga wima na haikunjiki kwa kusukuma. Ikate kwa koleo kwanza. Tunampa 6, kwa sababu ya kazi.

Kamongo naye apewe neno. Anapumua kwa mapafu, ana nyama nyekundu-pinki, mafuta mengi na ladha nzito ambayo haifanani na samaki yeyote aliyetajwa hapa. Ama utampenda ama utamkataa. Ukimjaribu, mchemshe vipande dakika 10 kwa maji yenye chumvi na ndimu, mwaga maji hayo, kisha mkaange au mbanike. Akiwa hai asiguswe mdomoni. Meno yake ni mabamba ya kupondea konokono, na anauma kwelikweli. Alama 6 kwa mlaji wa kawaida, 8 kwa anayempenda.

Dagaa

Jina ni moja, samaki ni tofauti. Dagaa wa Ziwa Viktoria (Rastrineobola argentea) ni wa ukoo wa kapu, wakati dagaa wa Tanganyika ni wa ukoo wa dagaa wa baharini. Hawa wa Tanganyika ni watamu zaidi na uchungu wao ni mdogo, tunawapa 8. Wa Viktoria wana uchungu wa utumbo, na tunawapa 7 wakiwa wamekaushwa vizuri, 3 wakiwa wamekaushwa vibaya, na pengo hilo halizidishwi hata kidogo. Wakianikwa mchangani wanabeba mchanga, na mvua ikiwakuta nusu njia wanavunda. Waliokaushwa juu ya vichanja vya wavu ndio wa kununua.

Dagaa mzuri anang'aa fedha, anavunjika ukimkunja, na ananukia samaki mkavu tu. Tumbo likiwa la manjano au kahawia, mafuta yamechacha. Onja mmoja kabla ya kununua. Ukisikia muwasho kooni, acha. Nyumbani, kwanza wakaange bila mafuta, moto mdogo, dakika 3 hadi 4, ndipo vichwa na utumbo viachie kwa urahisi ukiwapukuta. Kisha waoshe kwa maji ya uvuguvugu, na uwatoe kwa kuwainua kwa mkono, usiwamwage pamoja na maji. Mchanga uko chini. Ukimwaga, unaurudisha juu yao. Rudia mara tatu. Wasilowe zaidi ya dakika 10, la sivyo wanapasuka. Kwa kuwa wanaliwa na mifupa yao, wanakupa kalisi ambayo mnofu wa samaki mkubwa hauwezi kukupa.

Kapu na trauti

Kapu ni yule mwenye magamba makubwa na sharubu nne fupi, anayefugwa sana Asia na Ulaya. Mafuta yake ni ya wastani na nyama yake ni tamu. Tatizo ni miiba midogo yenye umbo la Y iliyozama ndani ya mnofu, isiyoshikana na uti wa mgongo. Huwezi kuing'oa yote bila kuharibu samaki. Dawa ni kuikata. Laza mnofu ngozi ikiwa chini, ukate mistari inayopishana milimita 3 hadi 4, kisu kishuke mpaka kikaribie ngozi bila kuitoboa. Kwenye mafuta ya nyuzi joto 180 vipande hivyo vidogo vya miiba vinakakamaa na kutafunika. Kisu butu kinavuruga mnofu, kwa hiyo kinoe kwanza. Ningu, ambaye ni wa ukoo huo huo, anafaa kisu hicho hicho. Alama 7 ukimkata hivyo, 4 usipomkata.

Onyo moja lisilo na mjadala: nyongo ya samaki wa ukoo wa kapu, hasa kapu mla-majani, ni sumu. Kuimeza, mbichi au iliyopikwa, kumewahi kuua figo za watu. Haina tiba ndani yake.

Trauti anataka maji ya baridi yenye oksijeni nyingi, na hilo peke yake linampunguzia harufu ya tope. Magamba yake ni madogo mno, hapari mtu. Wa gramu 300 hadi 400 anapikwa mzima kwenye kikaango, dakika 4 kila upande, ngozi ikauke. Rangi ya pinki ya mnofu wa aliyefugwa inatoka kwenye astaksanthini iliyo ndani ya chakula chake. Mweupe si duni. Sugua vizuri damu ya uti wa mgongo, kwani ndiyo inayomwozesha haraka. Alama 8.

Barafu, friza na samaki mbichi

Kwa wote hawa, barafu iwe kilo kwa kilo, iliyovunjwavunjwa, na maji yake yatiririke nje. Sato na sangara wakiwekwa barafuni mara tu wanapotoka majini hudumu kuliko samaki anayeishi kwenye maji yenye ubaridi kama trauti, kwa sababu bakteria waliozoea joto hulala kwenye barafu. Lakini saa sita za jua kabla ya barafu huwezi kuzirudisha.

Samaki wa maji baridi asiliwe mbichi. Wapo wanaobeba minyoo ya ini na tegu, ambayo humpata binadamu kupitia mnofu mbichi. Ndimu, siki na chumvi ya saa chache havitoshi kuiua. Moto ufikishe nyuzi joto 63 katikati ya mnofu, au friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, siku 7 kamili.

Na friza yenyewe inarudi kwenye mafuta. Sato aliyefungwa vizuri, bila hewa, anabaki mtamu miezi 6 hadi 8. Tumbo la sangara na kambale mbichi usiyaweke zaidi ya miezi 3: baridi haizuii mafuta kuchacha, inachelewesha tu. Wachovye kwanza kwenye maji ya barafu baada ya kuganda, waache wagande tena wapate ganda jembamba la barafu, rudia mara mbili, ndipo uwafunge na kuandika tarehe.